Jinsi ya Kuizika Seva ya Bekapu Kuanzia Ijumaa Saa Kumi na Nusu

Kila jambo na siku yake. Harusi Jumamosi, kufua Jumapili, na kuapgredi seva ya bekapu ni Ijumaa saa kumi na nusu alasiri, mwenye ufunguo wa chumba cha seva akiwa ameshabeba mkoba na foleni ya kwenda Mbagala imeshaanza kuota mizizi. Ukiifanya kazi hii Jumanne asubuhi baada ya chai, wenzako wote wakiwepo na aliyekuuzia mashine akiwa anapokea simu, kuna hatari ukafanikiwa. Mwongozo huu hauwahusu watu wa aina hiyo.

Nimefanya ufundi wa seva miaka mingi, na nakiri kwamba watu wetu hawana haja ya kufundishwa kuharibu. Kuharibu wanajua. Tatizo ni kwamba wanaharibu bila mpangilio, mmoja anaanzia mwisho, mwingine anaishia katikati, hata kikao cha Jumatatu kinakosa mtiririko. Nimeona niziweke hatua zote mahali pamoja.

Kwanza hakikisha kwamba seva unayoigusa ndiyo pekee yenye bekapu. Hapa wengi hukosea. Wanaapgredi seva ambayo ina pacha wake tawi la Dodoma, halafu ikianguka hakuna anayelia, na kazi yote inakuwa bure. Kuna mpiga picha wa Kimarekani, Peter Krogh, aliyeeneza kanuni ya tatu-mbili-moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyingine. Ni kanuni ya watu wenye bajeti. Sisi tunafuata moja-moja-moja: nakala moja, seva moja, na chumba kimoja ambacho kiyoyozi chake kinadondoshea maji ndoo iliyowekwa juu ya UPS.

Kisha andika waraka. Ofisini kwenu hakosekani dada wa uhasibu ambaye kila ifikapo tarehe 20 ya mwezi hunakili faili ya mishahara kwenye fleshi na kuitumbukiza kwenye pochi, kati ya peremende na risiti za dukani. Hiyo ni fedheha kwa taasisi yenye seva. Mwandikie kwa lugha nzito ya kiofisi kwamba kuanzia leo ni marufuku kuhifadhi nyaraka kwenye vifaa binafsi, kwa kuwa tunao mfumo. Atakujibu, "Sawa, kaka," kwa sauti ile ambayo mtu aliyekulia uswahilini anaielewa vizuri: amesikia, na hatafanya.

Maelezo ya toleo jipya usiyasome. Huandikwa na watu waliokwisha kuumwa na nyoka, na mtu wa hivyo akiona ung'ongo hushtuka. Wewe hujaumwa, ya nini kubeba hofu za wenzako? Jumamosi ya tarehe 9 Desemba 2023, sisi huku tukiadhimisha miaka 62 ya Uhuru, watu wa Debian walikuwa wamepanga kutoa toleo la 12.3. Wakalisimamisha. Kerneli 6.1.64, ambayo ilikuwa imeshaanza kusambaa, iliweza kuharibu data kwenye ext4, mfumo wa faili ambao mafundi humpendekezea mtu asiyetaka makuu. Kosa lenyewe lilikuwa la kishonaji: kiraka kilikatwa kutoka kerneli mpya, kikashonewa kwenye ile ya zamani, na kiraka mwenzake kinachokamilisha kazi kikaachwa mezani. Kesho yake ikatoka 12.4 yenye kerneli 6.1.66. Katikati hapo tangazo lilikuwa fupi: kwa sasa msiapgredi. Aliyelisoma alilala usingizi. Aliyekuwa ameiacha mashine ijiapgredi yenyewe usiku, naye alilala, ila kwa sababu nyingine.

Na usidhani waliokimbilia ZFS walikuwa kivulini. Siku tisa kabla ya hapo, tarehe 30 Novemba, OpenZFS ilitoa matoleo 2.2.2 na 2.1.14 kuziba tundu lililofanya faili iliyonakiliwa mara tu baada ya kuandikwa itoke na mabaka ya sifuri ndani yake. Mwanzoni lawama zote zilimwangukia mgeni, toleo la 2.2.0 lililokuwa limetoka Oktoba na ufundi mpya wa kunakili bloku. Ikaja kubainika kwamba kosa lilikuwemo ndani ya nyumba kwa miaka mingi; mgeni alilifungulia mlango tu. Uzuri wake, kwa shabaha za mwongozo huu, ni kwamba skrabu, ule ukaguzi wa ZFS unaopita bloku moja moja kulinganisha alama za uhakiki, haukuona tatizo lolote. Sifuri zile zilikuwa zimehifadhiwa kwa uaminifu wa hali ya juu.

Sasa apgredi. Mashine itakuuliza maswali. Bonyeza Enter kwa yote, kama unavyosaini fomu za benki.

Seva ikiwaka tena, utafurahi mapema, na hapo ndipo penye utamu, kwa hiyo naomba tukae kidogo. Diski kubwa ya bekapu uliisajili kwenye faili ya fstab kwa jina la /dev/sdb, kwa sababu miaka mitano iliyopita ndivyo ilivyokuwa ikiitwa na hukuona haja ya kutumia kitambulisho chake cha kudumu, yaani UUID, kile kirefu kisichokaririka. Lakini majina haya ya sda na sdb si ya ubatizo. Ni ya foleni: aliyefika kwanza dirishani anaitwa wa kwanza. Kerneli mpya inaweza kuziamsha diski kwa mpangilio mwingine, na mzee aliyeitwa sdb jana leo ni sdc. Mfumo unamtafuta sdb, unakuta mtu mwingine, na kwa kuwa siku moja uliongeza neno nofail ili seva isigome kuwaka, unapita kimya.

Folda ya /bekapu bado ipo, tupu, imekaa juu ya diski ndogo ya mfumo kama kibanda ambacho mwenye mali ameshahama. Saa nane usiku skripti ya bekapu inafika, inagonga, inakuta mlango uko wazi, inaanza kushusha mizigo. Haiulizi hii ni nyumba ya nani. Asubuhi unapata barua pepe yenye alama ya kijani: bekapu imekamilika, makosa sifuri. Na kweli imekamilika. Imemwagwa kwenye diski ya gigabaiti 60 inayobeba uhai wa seva nzima, na ikifika Jumapili imejaa hadi kooni, huduma zinaanguka moja baada ya nyingine, na wewe unawaambia watu kwamba toleo jipya "halina uthabiti." Toleo jipya limesimama wima muda wote. Dawa yake ni mstari mmoja ndani ya skripti unaouliza kama kweli diski imepachikwa kabla ya kuandika chochote. Nimeitaja kwa bahati mbaya. Endelea kana kwamba hukuiona.

Tuseme diski ilipachikwa vizuri, na shida ni ya kweli. Utaijua kwa dalili moja: seva itakataa kuandikiwa. Unaweza kusoma, huwezi kuongeza hata nukta. Mfumo wa ext4 uliowekewa agizo la errors=remount-ro ukikuta daftari lake halilingani na kilichomo ghalani, hujifungia katika hali ya kusomwa tu. Ni kama yule dereva wa daladala mwenye akili (wapo, nimempanda mmoja) anayesikia mlio mgeni kwenye breki, anaegesha pembeni na kukataa kuondoka. Abiria watamtukana. Wewe ni abiria. Andika amri ya kuipachika upya kwa nguvu iandikike, mwambie akanyage mafuta, watu wana haraka.

Akikataa tena, zima seva uwashe. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inaonekana haina madhara. Fikiri kidogo: kama diski iliyogoma ndiyo hiyohiyo inayohifadhi logi, basi logi za tukio lenyewe hazikuandikwa. Ushahidi wote, ukitaja diski ipi, bloku ipi, saa ngapi, umebaki kwenye kumbukumbu ya mashine, mahali dmesg inapousoma. Kuizima seva ni kumzika shahidi kabla polisi hawajafika. Kuna watu wenye roho mbaya ambao huchomeka fleshi na kuhifadhi yale maandishi kwanza, hata huyapiga picha kwa simu yakiwa kwenye skrini. Usiige.

Baada ya hapo ita fundi mkuu, fsck. Masharti yake ni kwamba akifanya kazi diski iwe imeondolewa kwenye matumizi, kwa sababu hakuna daktari anayepasua mgonjwa anayekimbia. Ukimwita diski ikiwa bado inatumika, e2fsck atakuandikia onyo kwa herufi kubwa na nyota pembeni, kwamba ukiendelea utasababisha uharibifu mkubwa, kisha atakuuliza kama kweli unataka. Jibu ndiyo. Na ili usisumbuliwe na maswali mengine, ongeza -y, ambayo maana yake ni kukubali kila pendekezo bila kulisoma, kama mkutano mkuu unaopitisha ajenda saa ya chakula.

Wenye Btrfs wamewekewa sherehe zaidi. Ukiagiza btrfs check pamoja na --repair, programu hukusihi usifanye hivyo bila ushauri wa watengenezaji au mtu mwenye uzoefu, kisha inahesabu sekunde 10 kurudi nyuma kabla ya kuanza, ili kukupa nafasi ya kujirudi. Sekunde 10 zinatosha kabisa kwenda kumimina chai. Wale wa XFS, kwa upande wao, wana fsck.xfs, ambayo hati yake ya maelezo imeikiri kazi yake waziwazi: kutofanya lolote, kwa mafanikio. Ipo tu ili seva inapowaka na kuita fundi, awepo mtu wa kuitikia. Fundi halisi anaitwa xfs_repair na yuko mtaa wa pili. Nimewahi kumwona kijana akiendesha fsck.xfs mara nne, kila mara ikirudisha jibu la ushindi, akageuka akaniambia, "Mkuu, diski ni nzima, tatizo litakuwa mtandao."

Ukarabati wa namna hii ukimalizika, fungua folda ya lost+found. Humo utazikuta faili zako zimejaa, hazina majina, kila moja ina namba tu, kama watoto waliopotea kwenye maonyesho ya Sabasaba wakakusanywa hemani: wote wazima, wote wanalia, na hakuna anayejua jina la mama yake. Utazifungua moja moja. Zipo laki mbili.

Inawezekana seva isiwake kabisa, na hapo utakumbuka fleshi ya uokoaji iliyo kwenye droo tangu 2021. Itumie hiyohiyo. Mafundi wengi hawajui raha ya kukutana na ujumbe wa FEATURE_C12. Mkusanyo wa zana za ext4, e2fsprogs, ulipofika toleo la 1.47.0 Februari 2023, uliwasha kwa chaguo-msingi vipengele viwili, na kimoja kati ya hivyo matoleo ya 1.46 hayakitambui. Ukiunda diski kwa zana mpya halafu ukaja kuikagua kwa zana za zamani, e2fsck ya zamani inagoma na kukuagiza ukatafute e2fsck mpya zaidi. Seva imezima, intaneti inapita kwenye seva hiyohiyo, na bando la simu limeisha. Hakuna mwandishi wa tamthilia ambaye angeweza kupanga vizuri zaidi.

Suala la nani alaumiwe lisikuumize kichwa: laumu mfumo wa faili. Uko mbele, unaonekana, na ndio unaolalamika. Mwishoni mwa 2018, kerneli 4.19 ilipoanza kuharibu data za watu, kidole kilielekezwa kwa ext4 kwa majuma. Faili zilizoharibika zilikuwa za ext4, kwa hiyo mwizi ni ext4. Uchunguzi ulipokamilika Desemba, kosa likakutwa tabaka la chini yake, kwenye blk-mq, sehemu ya kerneli inayopanga foleni za kwenda diskini, na likatokea pale mashine ilipokuwa haina mpangaji foleni aliyechaguliwa. ext4 alikuwa amepokea mzigo uliochanganywa njiani. Alilipa kosa la konda.

Ndiyo maana usiangalie vitu vya chini. Usiendeshe smartctl. Ukiendesha, utakutana na safu namba 199, inayohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao, na ikiwa inapanda huku namba 5 na 197, za sekta zilizohamishwa na zinazosubiri hukumu, zimetulia kwenye sifuri, basi uwezekano mkubwa ni kwamba mgonjwa wako ni kebo ya SATA iliyolegea ulipokuwa unapangusa vumbi siku ya apgredi. Kebo ya shilingi elfu tano. Utawaambiaje watu kwamba siku tatu za maombolezo zilisababishwa na kebo ya shilingi elfu tano? Afadhali uendelee kuilaumu kerneli. Na memtest nayo usiigonge usiku kucha, maana RAM mbovu huandika uongo kwenye diski nzima, na ukiijua utalazimika kuiombea ofisi hela.

Pia kuna kujaa. Seva ya bekapu hujaa kwa njia mbili, na ya pili ni ya kichawi. Utaambiwa hakuna nafasi, utaangalia df, utaona nafasi tele. Kilichokwisha ni inodi, vile vyeti vya kuzaliwa vya faili. ext4 ikiumbwa kwa kawaida hutenga cheti kimoja kwa kila baiti 16,384, na idadi hiyo haibadiliki kwa diski hiyo hadi kaburini. Barua pepe za miaka kumi, kila moja faili yake ndogo, humaliza vyeti kabla ya kumaliza ghala. Amri ya df -i ingekuonyesha hilo kwa sekunde moja, lakini nani ana muda. Kwa Btrfs mambo ni matamu zaidi: kwa kuwa haiandiki juu ya kitu cha zamani bali huandika pembeni kwanza, hata kufuta kunahitaji nafasi. Unafuta ili upate nafasi, na unaambiwa huna nafasi ya kufuta. Ni kama kuambiwa ulete barua ya mwenyekiti wa mtaa ili uruhusiwe kumwona mwenyekiti wa mtaa.

Na wa ZFS, ukishamaliza kuapgredi programu, zpool status itaanza kukusemesha kila siku kwamba kuna vipengele vipya hujaviwasha, kama jirani anayeuliza lini utapaka nyumba rangi. Ujumbe wenyewe unasema hifadhi inaweza kuendelea kutumika hivyo ilivyo. Usiusome hadi hapo. Endesha zpool upgrade siku hiyohiyo, kabla hujajua kama toleo jipya litatulia, kwa sababu mlango huo ukiupita haurudi nyuma: vipengele vikishaanza kutumika, programu ya zamani inaweza kukataa kuifungua hifadhi, na ile fikra ya kurudi toleo la juzi unaifuta kabisa moyoni. Amani ya mtu asiye na chaguo ni amani kubwa.

Kufikia hapa utajiona peke yako duniani. Huko peke yako. Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto kilikuwa na kompyuta kuu na mfumo mkubwa wa bekapu unaohudumiwa na kampuni iliyoiuza, Hewlett Packard ya Japani. Ndani yake kulikuwa na skripti ya kufuta logi zilizozidi siku 10. Wataalamu wakaiboresha, na moja ya shabaha za maboresho hayo ilikuwa isomeke vizuri zaidi, majina ya vigeu yaeleweke. Nani angekataa? Wakaiweka ile mpya juu ya ile ya zamani wakati ya zamani bado inakimbia. Sasa bash haisomi skripti yote kwa pamoja; huisoma huku inatembea, kama mtu anayesoma barua gizani kwa kuangaza mstari mmoja mmoja. Ilipofika katikati ikakuta barua imebadilishwa mkononi. Kigeu kilichopaswa kuitaja folda ya logi hakikuwa na kitu ndani, na amri ya kufuta, badala ya kwenda kwenye logi, ikageukia faili za watafiti. Kati ya tarehe 14 na 16 zikaondoka terabaiti 77, faili kama milioni 34, mali ya vikundi 14 vya utafiti. Vikundi vinne havikuweza kurudishiwa. Kampuni ikakubali kwamba kosa ni lake kwa asilimia mia, jambo ambalo nimelisoma mara mbili kwa sababu sijazoea.

Angalia usafi wa ajali hiyo. Hakuna diski iliyokufa, hakuna umeme uliokatika, mfumo wa faili ulitii kila agizo. Aliyefuta ni mlinzi.

Na ya GitLab, tarehe 31 Januari 2017, ina funzo zuri kwa wanaoapgredi. Mhandisi aliyechoka usiku alikusudia kufuta saraka ya hifadhidata kwenye seva ya pili, akafuta ya kwanza, ile inayofanya kazi. Alipozinduka na kusimamisha amri, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5. Watu wakaenda kwenye bekapu kwa utulivu. Folda ya S3 ilikuwa tupu. Hifadhidata ilikuwa imeshapandishwa hadi PostgreSQL 9.6, lakini pg_dump iliyokuwa inaitwa kuchukua nakala ilikuwa ya 9.2, na pg_dump ya zamani haigusi hifadhidata mpya. Ikawa inakataa kila siku. Barua pepe za kulalamika ilikuwa inatuma, ila zilikuwa zinarudishwa mlangoni na kanuni za kuzuia barua bandia, kwa hiyo hakuna aliyezipata. Njia tano za kujihifadhi, na hakuna iliyokuwa inafanya kazi ipasavyo. Wakaokolewa na snepshoti ya saa sita nyuma ambayo mhandisi huyohuyo alikuwa ameichukua kwa mkono kwa shughuli nyingine kabisa. Urejeshaji wakaurusha mubashara kwenye YouTube. Sisi tungeziba hata dirisha.

Jumatatu andika ripoti. Neno la kutumia ni changamoto. Data hazijapotea, kumejitokeza changamoto katika upatikanaji wake. Seva haijafa, ipo katika kipindi cha mpito. Taja kerneli, taja umeme, taja hali ya hewa ya Pwani. Usitaje kwamba tangu seva ile inunuliwe hakuna mtu aliyewahi kurudisha hata faili moja kutoka humo kuona kama inafunguka, maana hapo kikao kitakuwa kirefu, na mtu mmoja mwenye miwani ataanza kuandika.

Mkurugenzi hatauliza habari za inodi. Atasikiliza hadi mwisho, atafunga kalamu, na kusema, "Kijana, mimi nataka mishahara tu. Kesho tarehe 25."

Utashuka ngazi hadi uhasibu. Utamkuta dada yule anakunywa chai na andazi, na utamwamkia shikamoo ingawa mnalingana umri.

"Dada, samahani, ule waraka wangu wa mwezi uliopita..."

"Waraka gani, kaka?"

Hatakucheka. Atafungua pochi, atatoa peremende, atatoa risiti, atatoa kitambaa, na chini kabisa fleshi nyekundu iliyopoteza kifuniko. Ndani yake kuna faili inayoitwa MISHAHARA FAINALI MPYA YA KWELI 3, ya tarehe 20, na inafunguka mara ya kwanza.

"Chukua," atasema, akirudia chai yake. "Ila nirudishie kabla ya saa kumi. Kwaya zangu za kwenye gari zimo humo."